Mchumba Aliyechaguliwa na Wazazi

Ukichoka na noti, tazama A Couple of Cuckoos, katuni ya Kijapani ya 2022, vipindi 24, iliyotokana na hadithi ya picha ya Miki Yoshikawa. Nagi na Erika walibadilishwa hospitalini walipozaliwa. Sasa wana miaka 16, na hakuna mzazi anayetaka kumrudisha mtoto aliyemlea. Wazazi wanapiga hesabu: waoane tu, kila nyumba ibaki na wote wawili! Wenyewe hata hawakuulizwa.

Neno la kujifunza hapa ni iinazuke, mchumba unayepangiwa na wazazi. Usilichanganye na omiai. Huko watu wazima wanakutanishwa, na kukataa kunaruhusiwa. Jina la katuni ni la ndege anayetaga kwenye kiota cha mwenzake, na hapo ndipo utani unapouma: Nagi ni wa aliyemzaa au wa aliyemlea?

Sisi wa ualimu tumwangalie anavyokesha na vitabu ampiku Hiro, kinara wa shule, ndipo amwambie anampenda. Motisha ya nje kabisa, lakini jamaa anasoma! Vichekesho vingine vinajirudia, mimi niliviruka. Sachi, dada aliyekua naye, usimruke.