Unga wa njano, sufuria na shingo

Masika yamekolea, na kuanzia Lushoto hadi Ngarenanyuki wenye nyanya na viazi mnapambana na baka jani chelewa. Silaha yenu naijua: mankozebu, ule unga wa njano. Sitawaambia muutupe wiki hii, maana baka likishaingia, shamba zima huungua ndani ya siku chache. Nataka mjue unavyogeuka.

Mankozebu ikipata joto au unyevu, au ikikaa sana, huvunjika na kuzaa kemikali iitwayo ethilinithiourea. Hii huvamia tezi ya dundumio pale shingoni na kuizuia kutumia madini joto kutengeneza homoni. Homoni ikipungua, mtu huchoka ovyo, huhisi baridi, na tezi huvimba ikijikakamua kufidia: ndilo rovu. Asiyetumia chumvi yenye madini joto huumia zaidi. Umoja wa Ulaya uliinyima mankozebu kibali kipya mwaka 2020, uvurugaji wa homoni ukiwa sababu mojawapo.

Ninaowahofia zaidi ni wajawazito, kwa kuwa mimba changa hutegemea homoni ya mama kujenga ubongo. Huko Matina, Costa Rica, ambako ndege hunyunyizia migomba mankozebu, watafiti waliikuta ethilinithiourea kwenye mkojo wa wajawazito. Waliokuwa wamefua nguo za shambani siku iliyotangulia walikuwa nayo zaidi. Kwa hiyo, baba, ovaroli yako ifue mwenyewe, mbali na nguo za watoto. Najua mnacheka. Fueni.

Changanya dawa ya kutosha siku hiyo tu. Iliyolala kwenye bomba imeshaanza kuvunjika. Paketi iliyofunguliwa isihifadhiwe jikoni. Siku za kusubiri kabla ya kuvuna zimeandikwa kwenye kibandiko: zihesabu, hata kama dalali ameshaegesha gari. Dawa hii hukaa juu ya ganda, basi nyanya ya mchuzi ioshwe kwa maji mengi kwanza. Moto hauiui, huigeuza kuwa ile mbaya.

Bomba nalo lipumzishwe. Simika miti, funga kamba, kata majani ya chini upepo upite. Palipolimwa nyanya au viazi msimu uliopita, panda maharage. Mvua ikikatika, mwagilia asubuhi, shinani, kwa kuwa baka hupenda jani lililolala na maji. Majani yakikauka kabla ya giza, huenda ukaruka mzunguko mzima wa kupiga dawa.