Kijana wako anauza sana, ila wateja hawarudi? Jifunze kwa wauza bima



Tuseme una ofisi ndogo ya uwakala wa bima hapa Sinza, maeneo ya Mori. Una vijana watatu. Umewaambia, "Atakayekata nyingi mwezi huu, kamisheni yake nono." Mauzo yakapanda, ukafurahi.

Miezi miwili baadaye anaingia dereva wa bodaboda, kanuna. Pikipiki yake imeibwa, anataka alipwe. Unaangalia karatasi: alikatiwa bima ndogo. Hiyo inalipa madhara aliyowasababishia watu wengine, pikipiki yake mwenyewe haimo. Anakwambia, "Bosi, mbona kijana wako alisema hii inalipa kila kitu?"

Huyo harudi tena. Na kijiwe kizima kitasikia.

Kijana amekosea, ndiyo. Lakini alifuata kile ulichokuwa unakipima: idadi.

Mwaka 1978 Mmarekani James MacGregor Burns aliandika kuhusu uongozi wa nipe nikupe na uongozi wa kuleta mabadiliko. Mwaka 1985 Bernard Bass akaendeleza wazo hilo upande wa kazini. Nipe nikupe si mbaya. Mshahara na kamisheni vilipwe, tena kwa wakati. Shida ni kuishia hapo, maana mteja wa bima hanunui kitu cha kushika. Ananunua ahadi.

Zamani Shirika la Bima la Taifa (NIC), lililoanzishwa 1963, lilishika soko karibu peke yake. Sheria ya bima ya 1996 ikafungua mlango kwa kampuni binafsi. Leo mteja akiudhika anavuka barabara tu.

Sasa fanya haya manne:

1. Anza wewe. Mteja akija na madai, mhudumie mwenyewe mbele ya vijana. Yule wa bodaboda mwambie ukweli na umwombe radhi. Vijana wanaiga unachofanya kuliko unachosema.

2. Waambie kazi hii ni ya nini. Hawauzi stika. Wanamsaidia mama ambaye duka lake limeungua afungue tena.

3. Waulize. "Wateja wanauliza nini ambacho hatuna jibu?" Kijana akileta habari mbaya, usimfokee. Ukimfokea leo, kesho ataficha, nawe utaisikia kwa mteja.

4. Mjue kila mmoja. Mmoja ana mdomo mtamu ila fomu za madai zinamshinda. Mwingine mpole, lakini karatasi anazijua. Wakae pamoja, wafundishane.

Kisha badilisha kipimo. Usihesabu stika tu. Hesabu wangapi wamerudi kukata tena mwaka ulipoisha. Na weka sheria ya ofisi: kabla mteja hajatoa hela, aeleze kwa mdomo wake bima yake inalipa nini na hailipi nini. Akikosea, aelezwe upya.

Huuzi bima? Somo ni lile lile. Kijana wa duka la simu anayesema "hii orijino" wakati anajua siyo, au dada wa saluni anayemficha mteja kwamba dawa itaunguza nywele, anafuata kile bosi anachokisifia jioni wakati wa kufunga hesabu.

Leo jioni, kabla ya kuuliza "umeuza ngapi?", uliza "nani ametoka hapa hajaridhika, na kwa nini?" Halafu nyamaza, usikilize.

Mtumie mwenzako mwenye wafanyakazi. Biashara njema!