Kutafuta Chanzo cha Kosa: Funzo Kutokana na Injini Inayovuja

Mwalimu asahihishaye kosa bila kujua chanzo chake hufanya kazi bure. Tutazame mfano wa ufundi. MGB ni gari dogo la michezo lililoundwa Uingereza kuanzia 1962 hadi 1980. Likizeeka, aghalabu huvuja oili. Mwenye gari huona matone chini ya maungio ya injini na giaboksi, akahukumu kuwa sili ya nyuma ya krenki imekufa. Kuibadili sili hiyo kwahitaji kushusha injini. Kumbe oili huteremka, na upepo wa mwendo huisukuma nyuma. Huenda imetoka kwenye gasketi ya kifuniko cha valvu, juu kabisa.

Fundi mwangalifu hufuata hatua hizi:
(a) Huosha injini na kuikausha.
(b) Hupaka unga wa chaki ubavuni mwake.
(c) Huiwasha kwa muda, huizima, kisha hutazama unga ulipolowa.
(d) Hutengeneza palipolowa juu zaidi, na kupima upya kabla ya kugusa pengine.

Darasani ni vivyo hivyo. Mtoto akikosa hesabu ya kugawanya, tusimhukumu kuwa hajui kugawanya. Tumpe kuzidisha peke yake, kisha kutoa peke yake. Pengine kasoro imo katika kukopa tu, nasi tungalimrudisha nyuma mada nzima na kumvunja moyo.

Zoezi: Chagua hesabu moja iliyokosewa katika daftari la mtoto. Orodhesha stadi zote zilizohitajika, kisha tunga swali moja la kupima kila stadi.