Kuchagua Usukani wa Bei Nafuu kwa Michezo ya Magari ya Kompyuta

Usukani wa michezo ya magari ni chombo kinachogeuza mzunguko wa mkono kuwa tarakimu za kompyuta. Mnunuzi aliyeko Songea, zaidi ya kilomita 900 kwa barabara kutoka Dar es Salaam, aghalabu huagiza chombo hicho bila ya kukishika, na gharama ya kukirudisha yaweza kuimeza nafuu yote ya bei. Kwa hiyo yampasa kuchunguza mambo matatu kabla ya kutoa fedha yake.

Pembe ya mzunguko

Tuseme usukani wa gari huzunguka mara mbili na nusu toka kikomo cha kushoto hadi cha kulia, yaani 360 × 2.5 = nyuzi 900. Sukani nyingi za bei ya chini huzunguka nyuzi 180 au 270 tu. Ikiwa magurudumu ya gari la mchezoni hugeuka kwa pembe ile ile, basi 900 ÷ 180 = 5. Kosa la nyuzi 2 kwenye usukani mfupi ni sawa na kosa la nyuzi 10 kwenye usukani mrefu. Ndiyo sababu gari huyumba ovyo.

Kipima pembe

Katika potensiometa, kigusio husugua utepe wenye ukinzani wa umeme. Msuguano huula utepe huo, na vumbi likiingia vipimo hurukaruka. Aina nyingine hutumia sumaku na kanuni iliyogunduliwa na Edwin Hall mwaka 1879. Kwa kuwa kipimo hupatikana bila ya kugusana, aina hii hudumu zaidi.

Nguvu ya kurudisha

Usukani wa springi hurudi katikati kwa nguvu inayotegemea pembe tu, si hali ya barabara. Usukani wenye mota, mathalan Logitech G29 wa nyuzi 900, humwezesha mchezaji kuhisi gurudumu likiteleza. Lakini tundu la USB 2.0 hutoa volti 5 na ampea 0.5, yaani wati 2.5 tu, hivyo mota huhitaji adapta yake. Adapta iliyoandikwa volti 120 pekee isichomekwe katika umeme wa Tanzania wa volti 230, kwani itaungua. Ifaayo ni ya volti 100–240.

Kwa mwenye fedha kidogo, usukani wa mota uliokwisha tumika, wenye nyuzi 900 na adapta sahihi, wafaa kuliko mpya wa nyuzi 180 uliojaa vitufe na taa. Usipopatikana, achague wa nyuzi 270 wenye kipima pembe cha sumaku.

Mazoezi

1. Kosa la nyuzi 2 kwenye usukani wa nyuzi 270 ni sawa na nyuzi ngapi kwenye usukani wa nyuzi 900?
2. Mota hutumia volti 24 na ampea 1. Nguvu hiyo ni mara ngapi ya ile itolewayo na tundu la USB 2.0?