Sema Lini, Sema Kiasi Gani: Somo Kuhusu Lugha Inayoeleweka



Katika toleo hili tunajifunza jambo ambalo wengi wetu tunadhani tunalijua tayari: kusema kwa namna ambayo msikilizaji ataelewa kile kile tulichokusudia. Somo hili ni kwa wahudumu wa afya wa vijiji, makatibu wa vikundi, viongozi wa vyama vya msingi vya kahawa na kamati za mifereji, hapa Moshi na katika vijiji vya mlimani kuanzia Machame na Kibosho hadi Marangu na Rombo. Mnaweza kulitumia katika kikundi kwa muda wa saa moja.

Kwa nini jambo hili ni muhimu?

Maneno kama "kidogo", "baadaye", "karibu" na "siku si nyingi" hayana ubaya katika mazungumzo ya kawaida. Ubaya huja pale mtu anapotakiwa kutenda jambo kwa kuyafuata. Kila anayeyasikia hujaza kipimo chake mwenyewe, na vipimo hivyo havilingani.

Mara nyingi anayeumia si yule aliyesema. Ni mama aliyeteremka kwa miguu hadi zahanati akakuta siku ya chanjo imepita. Ni mkulima aliyekubali bei bila kujua ni bei ya kitu gani. Tena ni wale ambao kwao ni vigumu kuuliza mara ya pili: wazee, wasiojua kusoma, na wanaomwogopa msemaji kwa sababu ya cheo chake. Kwa hiyo kusema kwa uwazi ni njia mojawapo ya kuwatendea haki wanyonge.

Tuangalie sehemu nne ambazo maneno yasiyo wazi huleta hasara.

1. Saa na siku

Kwa Kiswahili tunahesabu saa kuanzia mapambazuko. Saa 2 asubuhi ndiyo ile ambayo simu huiandika 8:00. Barua ya mwaliko ikiandikwa "mkutano utaanza 8:00", mmoja atafika asubuhi na mwingine atafika saa 8 mchana, na wote wawili wameisoma vizuri. Andikeni "saa 2:00 asubuhi" kila mara, pamoja na tarehe na jina la siku: "Jumanne, tarehe 14". Siku na tarehe zikipingana, watu watagundua kosa mapema na kuuliza.

Ndivyo ilivyo pia kwa umri. "Mleteni mtoto akikua kidogo" haimsaidii mama. "Mlete akitimiza miezi 9 kwa chanjo ya surua na rubela, kisha umrudishe akitimiza miezi 18" ni maneno anayoweza kuyafuata. Ni vizuri zaidi akiandikiwa tarehe kwenye kadi.

2. Dawa

Bahasha ya dawa huandikwa "1x3", na mgonjwa huambiwa "moja mara tatu". Mtu aliyesoma anajua maana yake. Lakini bibi anayemlea mjukuu anaweza kuelewa kwamba ni vidonge vitatu kwa siku, akampa vyote kwa pamoja ili asisahau. Ni salama zaidi kutaja saa. Kama dawa inatakiwa kila baada ya saa nane, sema: "Kidonge kimoja saa 12 asubuhi, kimoja saa 8 mchana, kimoja saa 4 usiku, kwa siku tano." Taja pia kama anatakiwa kula kwanza, na kwamba asiache dawa hata kama homa imeshuka kabla ya siku kwisha.

Neno "kijiko" nalo linahitaji uangalifu. Kijiko cha chai hubeba mililita 5, na kijiko cha chakula hubeba mililita 15. Anayekosea kijiko anampa mtoto mara tatu ya kipimo. Kwa mtoto anayeharisha, usiseme "changanya dawa na maji ya kutosha". Sema: "Pakiti moja katika lita moja ya maji safi." Halafu mwonyeshe chombo cha lita moja, kwa sababu jagi za nyumbani hazilingani.

3. Mazao na fedha

Mkoa wa Kilimanjaro una historia ndefu ya ushirika. Chama kikuu cha KNCU kilianzishwa mwaka 1933, na tangu zamani wakulima wamezoea kulipwa kwa awamu. Hapo ndipo uwazi unapohitajika. Kiongozi akitangaza bei ya kilo, aseme kama ni malipo ya awali au ni bei yote. Mwanachama aliyeelewa kwamba hayo ndiyo yote ataona mnunuzi wa pembeni anampa zaidi. Naye aliyeahidiwa "malipo mengine yatakuja" bila kuambiwa yanategemea nini, atamwona kiongozi kuwa mwizi siku yasipokuja. Mwambieni kwamba malipo ya pili hutegemea kahawa itauzwa kwa bei gani na gharama zitakuwa kiasi gani.

Swali jingine la lazima ni: kilo ya nini? Kilo ya matunda mabivu yaliyochumwa leo si sawa na kilo ya kahawa iliyomenywa, ikaoshwa na kukaushwa. Kwa kawaida zinahitajika kilo tano hivi za matunda, au zaidi, kupata kilo moja ya kahawa kavu. Bei moja ikitajwa bila kueleza ni ya kahawa ipi, mkulima hawezi kulinganisha.

Kwa mahindi na viazi, neno "gunia" pekee halitoshi. Sote tunajua lumbesa, gunia lililojazwa kupita mdomo wake na kushonewa kilemba juu. Mnunuzi analiita gunia moja, lakini mkulima ametoa gunia na ziada. Sheria ya vipimo ya nchi yetu hairuhusu jambo hili. Patana kwa kilo na pima kwa mizani.

4. Zamu za maji

Mifereji yetu ya asili, ambayo wengi tunaiita mifongo, imetunzwa kwa vizazi vingi kwa makubaliano ya mdomo. Makubaliano hayo hudumu yakiwa wazi. "Zamu yako ni asubuhi" ni chanzo cha ugomvi wakati wa kiangazi, kwa sababu jirani wa juu na jirani wa chini hawakubaliani asubuhi inaisha saa ngapi. "Jumatano, kuanzia saa 12 hadi saa 4 asubuhi" huondoa ugomvi kabla haujaanza.

Mkiitana kazini, taja mambo matano: nani, lini, wapi, na kifaa gani, mpaka wapi. Kwa mfano: "Jumamosi saa 1 asubuhi tukutane kwenye banio. Kila kaya ilete mtu mmoja mwenye jembe. Tutazibua mpaka darajani."

Je, huku si kukosa adabu?

Wengine husema kwamba kutaja saa na kiasi mbele ya wakubwa ni ukali. Ni kweli kwamba desturi yetu ni kuanza kwa salamu, kuulizana habari za nyumbani, na kutomkatalia mtu usoni. Desturi hiyo ni njema na tuishike. Lakini adabu iko katika namna ya kusema. Haitudai tufiche jambo lenyewe. Unaweza kusema, "Shikamoo mzee. Tunaomba mchango wako wa shilingi elfu tano kabla ya tarehe 30." Umemheshimu, naye ameelewa. Ukimwambia "mzee, utusaidie chochote", umemwachia kazi ya kukisia, na huenda ukamwaibisha bure.

Namna ya kuhakikisha umeeleweka

Usiulize, "Umeelewa?" Karibu kila mtu atajibu "ndiyo" kwa heshima. Mwombe akueleze, na ubebe mzigo huo mwenyewe:

Mhudumu: Bibi, nataka kujua kama nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani, dawa hii utampaje mjukuu?
Bibi: Nitampa kimoja asubuhi na kimoja jioni.
Mhudumu: Ahsante bibi. Kumbe cha mchana sikukisema vizuri. Naomba nirudie.

Mazungumzo haya huchukua dakika moja tu. Yanaweza kuokoa safari ya pili, au maisha ya mtoto.

Zoezi

Katibu mmoja ameandika katika taarifa ya robo mwaka: "Wananchi wengi wamehamasishwa kuhusu usafi na mwitikio ni mzuri." Gawanyikeni watatu watatu. Andikeni maswali ambayo msomaji atabaki nayo: wananchi wangapi, wa kijiji gani, walielezwa nini, na baada ya hapo walifanya nini? Kisha iandikeni upya kwa kutumia habari za kikundi chenu wenyewe. Idadi ikiwa ndogo, iandikeni hivyo hivyo. Kaya sita zilizochimba choo ni habari kamili kuliko "mwitikio mzuri".

Maswali ya kujadiliana

1. Ni maneno gani tunayotumia mara kwa mara katika mikutano yetu ambayo kila mtu anayaelewa kwa namna yake?
2. Katika eneo letu, ni nani anayeona vigumu kuuliza mara ya pili? Tutamsaidiaje?
3. Je, yako makubaliano ya maji, mipaka au fedha ambayo tungepaswa kuyaandika mwezi huu? Nani atayaandika, na kufikia tarehe gani?
4. Kwa vikundi vinavyosoma Biblia: someni 1 Wakorintho 14:7-9. Mfano wa tarumbeta unatufundisha nini kuhusu matangazo yetu ya kila wiki?