Kanieneo: Chukua Chupa Uende Forodhani

Mwanafunzi akikwama kwenye mada ya kanieneo, mara nyingi kilichomshinda si hesabu. Amechanganya kani na kanieneo, basi. Na jawabu limo ndani ya neno lenyewe: kani, eneo. Gawa kani (nyutoni) kwa eneo (mita za mraba), unapata paskali. Mtihani utakuuliza kwa Kiingereza, lakini ukilishika neno hili la Kiswahili huhitaji kukariri kanuni.

Nenda bustani ya Forodhani, Unguja, jioni, meza zinapoanza kupangwa, usimame mbele ya muuza pweza. Usitazame pweza, tazama kisu. Kikiwa kimenolewa, mnofu unakatika kwa kuguswa tu. Kikiwa butu, muuzaji anakandamiza mpaka meza inatikisika. Makali yaliyonolewa yana eneo dogo sana, kwa hiyo kani ndogo inatosha. Kijiti cha mshikaki kimechongwa ncha kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa piga hesabu. Mtu wa kilo 60 ana uzito wa nyutoni 600 hivi. Kandambili zake mbili zikigusa ardhi kwa sentimita za mraba 300, yaani mita za mraba 0.03, kanieneo ni paskali 20,000. Mvalishe viatu vya kisigino chembamba, aegemee kisigino kimoja chenye sentimita ya mraba 1: paskali 6,000,000. Mtu hakuongezeka hata gramu, ila kisigino kinazama kwenye mchanga. Hapo pana mtego unaowaangusha wengi: kutoka sentimita za mraba kwenda mita za mraba unagawa kwa 10,000, si kwa 100.

Ukigeukia ukuta wa bahari, swali linabadilika. Kwenye maji usiulize eneo, uliza kina. Zidisha kina kwa densiti, kisha kwa 10, ambayo ni kani ya mvutano kwa kila kilo. Maji ya bahari yana kilo kama 1,025 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo kijana wa makachu, wale wanaoruka baharini kutoka ukutani, akizama mita 3 anaongezewa paskali 30,750, na masikio yanambana. (Kama hujui kuogelea, mwamini tu.) Upana wa bahari hauhusiki. Kisima chembamba cha maji hayo hayo, chenye kina hicho hicho, kingembana vile vile. Zoezi la nyumbani: wakati wa bamvua maji ya Unguja hupanda kama mita 4 toka kupwa hadi kujaa. Jiwe lililo chini ya maji wakati wote linaongezewa paskali ngapi? Ukipata 41,000 umeelewa.

Sasa ile chupa. Chukua ya plastiki, itoboe matundu matatu, juu, kati na chini, kwa msumari uliopashwa moto. Yazibe kwa utepe, jaza maji, kisha bandua utepe kwa mkupuo mmoja. Vitabu vingi huchora tundu la chini likirusha maji mbali kuliko yote, na mwanafunzi anayejaribu sakafuni anashangaa kuona la kati linashinda. Tundu la chini kweli lina kasi kubwa zaidi, ila maji yake yanagusa sakafu kabla hayajafika mbali. Iweke chupa juu ya ukuta, maji yaangukie chini kabisa, ndipo utaona mchoro wa kitabu.

Halafu ziba matundu mawili ya juu, ufunge kifuniko vizuri. Punde maji yanakoma, maana hewa ya nje inalisukuma tundu na ya ndani imepungua nguvu. Ndiyo sababu kopo la mafuta hutobolewa pande mbili.

Ukimaliza, ondoka na chupa yako. Usiiache ukutani.