Somo la Fiqhi: Mjamzito, Mama Anayenyonyesha na Funga ya Ramadhani



Kila Ramadhani, hapa kwetu Rumonge, tunawaona mama na dada zetu wajawazito wakianika ndagala na kuuza mawese juani, nao wamefunga. Ukimuuliza mmoja, atakujibu: "Mama zetu walifunga, mbona hawakufa?" Wengine wanaogopa maneno ya mawifi, au deni la siku watakazolipa peke yao. Tulitazame jambo hili kielimu.

Dalili

Katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, Allah amemruhusu mgonjwa na msafiri kula na kulipa siku nyingine, na amebainisha kwamba anatutakia wepesi. Hadithi ya Anas bin Malik al-Kaabi (si yule aliyemtumikia Mtume s.a.w.), aliyoipokea Tirmidhi na wengineo, imewataja pia mjamzito na anayenyonyesha.

Hukumu

Kwa madhehebu ya Shafi, mama akihofia nafsi yake, au nafsi yake pamoja na mtoto, atakula na atalipa tu. Akihofia mtoto peke yake, atalipa na kumpa maskini kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku. Kwa Hanafi, hulipa tu. Hofu hiyo hujulikana kwa uzoefu wake mwenyewe au kwa kauli ya daktari mwaminifu. Ikifika hofu ya kuangamia, kula si ruhusa tena, ni wajibu.

Afya

Funga yetu ni kama saa 13, na kandokando ya Tanganyika kuna joto. Malaria na upungufu wa damu humdhoofisha mjamzito haraka. Akiona kizunguzungu, homa, damu, mkojo mchache wenye rangi nzito, au mtoto amepunguza kucheza tumboni, afungue na aende kituo cha afya saa ile ile, asingoje magharibi. Vivyo hivyo akiharisha maji maji, kwa kuwa kipindupindu hurudi mara kwa mara kwenye mwambao huu. Tangu 2006 serikali ya Burundi iliondoa malipo ya kujifungua na ya matibabu ya watoto wa chini ya miaka 5. Basi hofu ya gharama isimchelewesheni mama nyumbani.

Wajibu wetu

Mama aliyebeba mimba kisha akanyonyesha anaweza kufikiwa na Ramadhani mbili au tatu kabla ya kulipa. Maadamu udhuru unaendelea, hana dhambi ya kuchelewa. Wewe mume, siku anazolipa funga naye, mfano Jumatatu na Alhamisi, deni liwe jepesi. Wewe wifi, mwekee chakula bila kumsimanga. Aliyekula kwa ruhusa ya Mola wake hajavunja heshima ya mwezi.

Maswali ya darsa

1. Mama anahofia maziwa yatakauka, yeye mwenyewe ni mzima. Atafanya nini?
2. Nani nyumbani kwenu anafunga kwa kuogopa maneno ya watu?

Allah awahifadhi mama zetu na vizazi vyao. Amin.